Stima Ilipita Juu ya Vichwa Vyetu

Mwezi uliopita nilimpeleka susu wangu barazani. Susu ni nyanya kwa Kikamba, kwa nyinyi mnaosoma mkiwa Nairobi. Sikwenda kwa sababu napenda siasa. Nilienda kwa sababu hawezi kupanda nduthi peke yake. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya mwembe, MCA akafika akiwa amechelewa saa mbili, akashika maikrofoni, akatoa ripoti yake. Uchumi: bei ya maembe, bei ya ndengu, ushirika mpya. Stima: taa za sola sokoni, na mradi mkubwa wa sola ambao wawekezaji wake "wako njiani". Mambo ya jamii: basari, harambee ya kanisa, na vijana wa mpira wamepata jezi. Watu wakapiga makofi. Mimi nikarekodi video kama kawaida yangu.

Tukirudi nyumbani nikamuuliza susu ameionaje hiyo ripoti. Akasema, "Anaongea vizuri. Hata wale wa kwanza waliongea vizuri."

Nilicheka, lakini usiku sikulala. Wale wa kwanza ni akina nani? Historia hii sikuipata darasani, kwa hivyo nikaanza kuitafuta mwenyewe, kitabu kwa kitabu na hukumu kwa hukumu. Nilichogundua ni hiki: Kitui na Makueni hatujawahi kukosa maendeleo kwa sababu hatuna kitu. Kwa zaidi ya miaka mia moja tumetoa nguvu kwa nchi nzima. Tumetoa kuni, ng'ombe, makaa, mchanga na maji yanayozungusha mitambo ya stima. Kilichokosekana ni jibu la swali moja ambalo hata barazani siku ile hakuna aliyeliuliza, mimi nikiwemo: faida inabaki wapi?

Twende polepole.

Nyoka aliyekula kuni

Ukiwa Mkamba umesikia habari za Syokimau, yule nabii wa kike ambaye inasemekana aliona nyoka mrefu akitoka maji haya hadi maji yale huku akitoa moshi. Leo jina lake liko kwenye stesheni ya treni pale ukiingia Nairobi, na wengi wanashuka hapo bila kujua ni jina la mtu.

Nyoka alikuja kweli. Reli ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899, ikafika Ziwa Victoria 1901. Angalia ramani uone ilipita wapi: Mtito Andei, Kibwezi, Makindu, Emali, Sultan Hamud. Zote hizo leo ziko Makueni. Shuleni tunafundishwa kuhusu simba wa Tsavo na Wahindi waliojenga reli, na ni sawa. Lakini kuna jambo dogo ambalo halipewi nafasi: treni za mwanzo zilikula nini?

Zilikula kuni. Kwa miaka mingi injini za reli ya Uganda zilichoma kuni, na kuni hizo zilikatwa kando ya reli. Kwa hivyo miti ya nchi kavu, ile inayochukua miaka mingi kukua kwa sababu mvua yetu ni ya kubahatisha, ndiyo ilisukuma mizigo ya watu wengine kwenda pwani. Ukitaka kujua biashara ya nishati ya Ukambani ilianza lini, haikuanza na gunia la makaa barabarani. Ilianza na treni.

Miji ile ilikua, sikatai. Makindu ikapata hekalu la Makalasinga mwaka 1926, na hadi leo msafiri yeyote anapewa chakula cha bure pale. Lakini reli ilichorwa kuunganisha bandari na ziwa. Sisi tulikuwa njia tu.

Serikali ilipokuja na sera nzuri ya mazingira

Sasa nipeleke hadi 1938, kwa sababu hapa ndipo nilipokaa kwenye kiti nikasoma mara mbili.

Wakati huo Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Serikali ya mkoloni ilikuwa na tatizo la kweli: udongo ulikuwa unaliwa. Makorongo yalikuwa yanafunguka vilimani na mvua ilikuwa inabeba mchanga wote. Maofisa wakasema sababu ni moja, Wakamba wana ng'ombe wengi mno. Suluhisho lao likawa kupunguza mifugo kwa lazima. Ng'ombe wakachukuliwa kwa maelfu na kuuzwa kwa mnada kwa bei ya kutupa. Wakati huohuo, kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimewekwa Athi River, na kilihitaji ng'ombe wengi wa bei rahisi. Unaona vile mambo yalikutana vizuri?

Ambacho maofisa hawakusema sana ni kwa nini ng'ombe walikuwa wamebanana. Wakamba walikuwa wamenyang'anywa malisho, kama kule vilima vya Mua, walikokaa masetla. Unamfinya mtu kwenye kona halafu unamlaumu kwa kukanyaga kona hiyo.

Mwezi wa Julai 1938, zaidi ya watu 1,500, wanaume, wanawake na watoto, waliondoka vijijini kwenda Nairobi kumwona Gavana Brooke-Popham. Kiongozi wao alikuwa Muindi Mbingu. Walipiga kambi wakakaa kwa wiki nyingi, wakisema hawaondoki mpaka wamwone gavana uso kwa uso. Hakuna aliyewalipia nauli, na posho haikuwepo. Gavana baadaye alienda Machakos kuongea nao. Mbingu akakamatwa, akapelekwa kizuizini Lamu. Ila kabla mwaka huo haujaisha, serikali iliachana na kupunguza mifugo kwa lazima. Ilikuwa na sababu ya kuogopa: Wakamba walikuwa wengi jeshini na kwenye polisi, na hakuna serikali inayotaka askari anayewaza kuhusu ng'ombe wa babake.

Leo Muindi Mbingu ni barabara katikati ya Nairobi, pale soko la City Market. Umepita hapo mara mia ukinunua maua au samaki. Sasa unamjua.

Hii stori naipenda kwa sababu si rahisi. Mkoloni hakudanganya kuhusu udongo. Udongo ulikuwa unaisha kweli. Lakini sera inaweza kuwa sahihi kuhusu udongo na bado ikawa ya wizi, kama wanaobeba mzigo ni wengine na wanaobeba faida ni wengine, na wa kwanza hawakuulizwa. Shika hilo, tutalihitaji tukifika 2018.

Mto ukapewa kazi

Uhuru ukaja, na nchi changa ilihitaji stima. Mto Tana unapita kaskazini mwa Kitui, na hapo ndipo Kenya ilijenga ngazi ya mabwawa: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, na Kiambere 1988. Kiambere iko mpakani mwa Kitui na Embu, na uwezo wake ni megawati 168. Kwa miaka mingi mabwawa haya ndiyo yaliyobeba nchi. Ukame ukipiga na Masinga ikishuka, Nairobi inaingia giza. Wakubwa wenu wanakumbuka mgao wa stima wa mwaka 2000.

Sasa fikiria mtoto wa Mwingi miaka ya tisini. Nguzo kubwa za chuma zinapita juu ya shamba la babake. Nyaya zinanguruma usiku. Chini yake anasoma kwa koroboi, ule mkebe wa mafuta taa wenye utambi, unaotoa moshi mpaka asubuhi pua ni nyeusi. Stima inazaliwa karibu na kwao, inapita juu ya kichwa chake, inaenda kuwasha mabango ya mji ambao hajawahi kufika.

Wataalamu watakuambia, na ni kweli, kwamba waya mkubwa huwezi kuuchomeka tu nyumbani. Stima ile ina nguvu nyingi mno, inahitaji kituo cha kuipunguza, halafu nyaya ndogo, halafu transfoma. Lakini hayo yote ni uamuzi wa pesa, na pesa zilipelekwa kwingine kwanza. Hata stima ilipokaribia vijijini, kuunganishwa kuligharimu shilingi 35,000 kwa aliye ndani ya mita 600 kutoka transfoma. Ni mwaka 2015 ndipo mpango wa serikali wa kusambaza stima uliposhusha bei hiyo hadi 15,000. Kutoka Kindaruma 1968 hadi 2015, hesabu mwenyewe. Ni miaka 47.

Susu aliwekewa stima baada ya hapo. Aliponiambia alivyojisikia siku taa ilipowaka, hakuongea kuhusu maendeleo. Alisema aliona kumbe ukuta wake ni mchafu, akaupaka chokaa.

Makaa ya aina mbili

Kiswahili kinatuchanganya hapa kwa sababu kuna makaa ya miti na makaa ya mawe, na Kitui ina yote mawili.

Ya mawe yako bonde la Mui. Serikali ilianza kuchimba visima vya utafiti huko mwishoni mwa miaka ya tisini. Baadaye ikatangazwa kwamba eneo moja tu, sehemu ya C kutoka Yoonye hadi Kateiko, lina zaidi ya tani milioni 400. Wueh! Ghafla kila mwanasiasa alikuwa na hotuba. Kitui itakuwa kama Dubai, vijana wote wataajiriwa. Kampuni ya Fenxi kutoka Uchina ikapewa sehemu C na D. Makaa yetu yakaingizwa hata kwenye mipango ya mtambo wa Lamu wa megawati 1,050, ambao ungeanza na makaa kutoka nje halafu baadaye utumie ya Mui.

Wenyeji walienda kortini. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilitoa hukumu, na tuseme ukweli: hawakushinda. Majaji walisema kwa hatua ile mradi ulipokuwa, wananchi walikuwa wameshirikishwa vya kutosha. Lakini wakati wa kueleza hivyo, waliandika kwa kirefu ushirikishwaji wa kweli unatakiwa uweje: watu wapewe habari, wapewe muda, wasikilizwe kwa nia njema, si kuitwa kupiga muhuri jambo lililokwisha amuliwa. Maneno hayo yamekuwa yakinukuliwa katika kesi nyingine nyingi nchini. Kwa hivyo wakulima wa Mui walishindwa kesi yao lakini wakatuachia sisi wengine silaha.

Mtambo wa Lamu nao leseni yake ya mazingira ilifutwa Juni 2019 na baraza la rufaa za mazingira, na sababu kubwa ilikuwa hiyohiyo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na Mui? Makaa bado yako chini. Lakini usidhani kwamba kutochimbwa kumewaacha watu kama walivyokuwa. Ukiambiwa utahamishwa, halafu miaka inapita, unajenga nyumba ya mawe au unangoja? Unapanda mwembe ambao utaanza kuzaa baada ya miaka minne, au unaacha? Ahadi peke yake inaweza kusimamisha maisha ya kijiji. Hiyo ni gharama ambayo haimo katika ripoti yoyote.

Makaa ya miti ndiyo yale unayapikia chapati Nairobi. Mwezi wa Januari 2018, Gavana Charity Ngilu alipiga marufuku makaa na mchanga kusafirishwa nje ya Kitui. Sababu zake zilikuwa za maana: misitu inaisha na mito inakufa. Februari lori la makaa lilichomwa moto Kitui, na wafanyabiashara wa Limuru wakajibu kwa kufunga barabara. Jambo lililoanza kama mazingira likaanza kunuka ukabila ndani ya siku chache.

Hapa ndipo 1938 inarudi. Mimi naamini gavana alikuwa sahihi kuhusu miti, vile mkoloni alivyokuwa sahihi kuhusu udongo. Na tofauti zipo, kubwa tu: huyu alipigiwa kura, na hakuna aliyekuwa anajenga kiwanda cha kula makaa yaliyozuiwa. Lakini mama wa Mutomo aliyekuwa anachoma makaa si adui wa mazingira. Ndengu zilikufa shambani, karo inadaiwa, na mti ndio benki pekee aliyobaki nayo. Faida kubwa haikuwa yake hata kidogo. Bei ya gunia kando ya barabara kwao na bei ya gunia hilohilo likifika Nairobi haziwezi hata kusalimiana. Ukimfungia biashara bila kumpa nyingine, hujamaliza uchomaji, umeuhamishia usiku.

Mchanga na jua

Kufikia hapa unaweza kudhani naandika malalamiko. Hapana. Kuna historia nyingine inayokwenda sambamba na hii, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Ukambani tuna kitu kinaitwa mwethya. Ni kazi ya pamoja: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Kutokana na mwethya watu wetu walifanya jambo ambalo wageni wanakuja kusomea hadi leo, mabwawa ya mchanga. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukata mto wa msimu. Mvua ikija, mto unaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta. Maji yanakaa ndani ya mchanga, katikati ya chembe, na yanaweza kuwa hadi asilimia 40 ya ujazo wote. Jua haliyafikii na mbu hawatagi humo. Kiangazi kikifika unachimba kidogo au unaweka pampu, unapata maji. Joshua Mukusya na wenzake walianza kikundi cha Utooni mwaka 1978, na Kitui shirika la SASOL limejenga mamia ya kuta hizi pamoja na wanakijiji tangu miaka ya tisini. Sasa unaelewa kwa nini lori la mchanga linalokwenda kujenga ghorofa Nairobi linaumiza hivyo. Mchanga ule ndio tangi letu.

Halafu kuna Kitonyoni. Hapa ni Makueni, soko dogo tu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton cha Uingereza walishirikiana na wenyeji kuweka mtambo wa sola wa kilowati 13.5. Waliujenga kama paa refu katikati ya soko. Juu paneli, chini kivuli, na mvua ikinyesha paa hilo linakusanya maji ambayo yanauzwa wakati wa kiangazi. Maduka, shule na kituo cha afya vikapata stima. Wenyewe ni ushirika wa wanakijiji, na watumiaji wanalipa ili pesa za kuutunza zisitoke mbinguni.

Kilowati 13.5 ni kidogo sana. Kiambere ina uwezo zaidi ya mara 12,000 ya hiyo. Na tusijidanganye, mtaji wa kwanza haukutoka Kitonyoni. Lakini fikiria tofauti. Kiambere ni mlima wa stima usioonekana na aliye chini yake. Kitonyoni ni kijiko cha stima, ila kijiko kiko mkononi mwa mwenyewe. Kinyozi anafanya kazi hadi usiku, na akilipa, pesa yake inabaki palepale sokoni.

Na maembe. Miaka yote mabroka walikuwa wanakuja Makueni na malori, wanataja bei, na wewe mwenye embe linaloiva unakubali kwa sababu kesho litaoza. Mwaka 2017, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, kaunti ilifungua kiwanda cha matunda Kalamba cha kusaga maembe yawe rojo ya kutengenezea juisi. Hakijawamaliza mabroka, uliza mkulima yeyote. Lakini kuwa na mnunuzi wa pili kunabadilisha sauti ya mkulima akibishana bei. Wakati huohuo Makueni ilijenga utaratibu wa mikutano kuanzia kijijini, na kamati za wanakijiji zinazotakiwa kutia sahihi kwamba mradi umefanyika vizuri kabla mwanakandarasi hajalipwa. Jina geni, kitu cha zamani. Ni mwethya iliyopewa kalamu.

"Lakini Kenya ni moja"

Najua mtu ataniandikia hili, wacha nilijibu mapema. Atasema: stima ni ya nchi nzima. Kama kila kaunti itashika chake, Nakuru ishike mvuke wake, Marsabit ishike upepo wake, Nairobi itashika kodi yake, na hapo Kitui ndiyo itaumia kwanza. Hospitali ya rufaa unayokimbilia, barabara ya lami, mgao wa kaunti, vyote vinatoka kwa chungu cha pamoja.

Ni hoja nzuri na siipingi. Sisemi tufunge mto. Babu zetu wa 1938 hawakusema Nairobi isile nyama. Walisema usichukue ng'ombe wangu bila kuniuliza, kwa bei uliyoipanga wewe, ili kiwanda cha mwingine kikimbie. Kushiriki ni pale ambapo pande zote mbili zimekaa mezani. Sheria yetu yenyewe inakubali. Katiba ya 2010 inasema faida za maliasili zigawanywe kwa haki. Sheria ya madini ya 2016 inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, 10 jamii ya pale pale. Unaweza kusema 10 ni kidogo, lakini ni 10 zaidi ya kile kuni za reli zilituachia.

Wawekezaji wako njiani

Turudi chini ya ule mwembe. MCA alisema mradi mkubwa wa sola unakuja, na mimi natamani uje. Ukambani tunalo jua la kugawa bure. Garissa, jirani yetu, wana shamba la sola la zaidi ya megawati 50 tangu 2019. Bwawa la Thwake linajengwa pale mto Athi unapokutana na mto Thwake, mpakani mwa Makueni na Kitui: maji zaidi ya mita za ujazo milioni 680, na stima megawati 20 kwenye mipango. Rais Uhuru Kenyatta alilizindua 2018, lilitakiwa kuwa tayari 2022, na hiyo tarehe mnajua ilivyokwenda. Maji yake pia yamepangiwa jiji la Konza.

Kwa hivyo mambo makubwa yanakuja, kama yalivyokuja na reli, na Kindaruma, na Mui. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwetu wageni wamekuja wengi, na mwenyeji bado anangoja kupona.

Tofauti ya sasa ni kwamba tuna makaratasi. Katiba imeipa kaunti kazi ya kusambaza na kusimamia nishati ndani ya eneo lake. Sheria ya nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati, na inamruhusu mwenye sola nyumbani kuingiza stima ya ziada kwenye gridi ahesabiwe. Mpango huo wa kaunti ni karatasi ya umma. Una haki ya kuuomba na kuusoma. Video za dakika moja za gavana akikata utepe tunazitazama mpaka mwisho, lakini ile karatasi inayosema utepe unaofuata utakatwa wapi hatuifungui. Najitaja wa kwanza.

Nilirudi kwa video niliyorekodi barazani. Kuna mahali MCA anauliza, "Kuna swali?" Kamera yangu inazunguka kwa watu. Vijana tumeinamia simu. Mzee mmoja anasimama anauliza kuhusu basari ya mjukuu wake, anajibiwa, anaketi. Baada ya hapo kuna ukimya wa sekunde kumi na moja, nimezihesabu, halafu maombi ya kufunga.

Sekunde kumi na moja zinatosha kuuliza shamba la sola litakaa kwenye ardhi ya nani, atalipwa kodi gani na kwa miaka mingapi, na kama transfoma ya kijiji iko kwenye mchoro au stima itapita tena juu. Muindi Mbingu alitembea hadi Nairobi na kukaa huko wiki kadhaa ili aulize swali lake. Sisi letu tumeletewa hadi chini ya mwembe, na kiti cha plastiki juu.

Baraza lingine ni mwezi ujao. Susu amesema nimpeleke tena. Safari hii nimemwambia sitarekodi tu.